Ukurasa wa Arobaini na Moja

Cheti cha mama nilikirithi ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na mbegu za maharage na risiti ya jembe.
Hisa mia mbili na kumi za kiwanda cha chai.
Karatasi nene, muhuri wa buluu,
na jina lake limeliwa herufi: Atupakise,
mama aliyezikwa akiitwa Atupakisye.

Miaka kumi na mmoja nikawa mwenye kiwanda
kama mtu anavyokuwa mwenye mvua:
ikinyesha nashukuru, isiponyesha nanyamaza.

Kila Aprili alikuja Mwasomola,
pikipiki tope hadi kwenye tanki,
na fomu ya uwakilishi ndani ya mfuko wa nailoni.
"Saini hapa tu, mama. Tukuyu na mvua hii utakwenda kufanya nini?"
Nikasaini juu ya tenga,
wino ukanywa umande wa majani,
naye akaniachia kofia yenye nembo na mche wa sabuni.
Kura yangu ikateremka mjini bila mimi,
ikanyoosha mkono ambao sikuunyoosha,
ikasema ndiyo.
Sabuni ilitoa povu zuri. Siwezi kudanganya.

Mwaka huu Lusekelo alikaa nyumbani na mguu wa plasta,
akakisoma kitabu cha hesabu kwa sauti
kwa kukosa kingine cha kusoma.
Tuliicheka picha ya mwenyekiti, tai yake imepinda.
Tukafika ukurasa wa arobaini na moja,
maandishi madogo kama mayai ya chawa:
kuni za boila zimenunuliwa kwa kampuni
"yenye uhusiano na mjumbe wa bodi".
Akasoma bei ya mita moja ya ujazo.
Nikamwambia, soma tena.

Mimi nina mikaratusi kule bondeni.
Kiwanda kiliikataa juzijuzi, eti bei yangu imepanda mno.
Bei yangu ilikuwa nusu ya ile.

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari lilikuwepo, limepigwa chapa, lina rangi,
na kila mwaka nililifungia maandazi.

Mwasomola alipokuja nilimpa chai. Saini sikumpa.

Ukumbi wa parokia, viti vya plastiki,
ukungu wa Rungwe umeingia kama mwanahisa aliyechelewa.
Mwenye asilimia sitini alikuwa kijana mmoja kutoka Dar es Salaam
na kompyuta mapajani,
amebeba hisa za watu wasiowahi kushika jani bichi.
Sikumchukia. Alikuwa anatetemeka.

Nilisimama. Magoti yalisimama baada yangu.
Nikataja ukurasa, nikasoma mistari minne, basi,
nikasikia karatasi zikifunuliwa ukumbi mzima
kama mvua inavyoanza juu ya migomba.

Mwenyekiti akasema: swali zuri, tutalifanyia kazi.
Nikasema: liandikwe kwenye muhtasari leo,
limeulizwa na Subilaga binti Atupakisye,
na hiyo y msiisahau tena.

Ikaja kura ya kumrudisha mjumbe yule.
Mikono yetu ilikuwa mingi, hisa zetu chache.
Akarudi.
Ila yule kijana nilimwona:
ameweka kidole kwenye ule ukurasa, ameinama,
anaandika kitu, anafuta, anaandika.

Leo napogoa.
Mchai ukiuacha hurefuka ukawa mti,
una maua, ndege wanakaa,
wapita njia wanausifu,
na kwenye tenga hakuna kitu.

Lusekelo amepona, amerudi Mbeya.
Nimenunua miwani sokoni, elfu nane,
fremu inabana sikio moja.
Kopo nimewaachia maharage.
Cheti kiko darini, kimelala na kisu cha kupogolea,
na Aprili si mbali.